Mshale wa Daktari Tiwari

Barthélemy alikuwa mlinzi wa ukumbi mmoja wa mikutano pale Glenwood, Natal, kusini mwa Afrika, lakini kabla vita havijamtoa Bukavu alikuwa amefundisha historia miaka kumi na mmoja. Basi Jumamosi moja ya mwaka 1998, Daktari Tiwari, aliyekuja kuwahutubia Wahindi wa mji ule juu ya asili ya dini yao, alipotundika ramani ya Bara Hindi ukutani, mlinzi alisimama mlangoni akimtazama kwa jicho la mwalimu anayesahihisha.

Huo udaktari hakuna aliyejua ameupata wapi. Alikuwa na duka la vitambaa, suti ya bei mbaya, na sauti ya mtu asiyezoea kukatizwa. Alichora mshale mnene kutoka kaskazini.

"Waarya walishuka na farasi wao," alisema, "weupe, warefu, nyimbo takatifu vinywani. Dini yetu ya Kihindu ilitoka kwao. Kusini walikuta watu wanaoabudu mawe."

Mama Moonsamy, Mtamil ambaye babu yake aliletwa Natal kukata miwa, alinyoosha mkono. "Na ile miji ya bonde la Indus, iliyojengwa kabla ya hao farasi? Wenyeji wake hawakuwa na ibada?"

Tiwari alitabasamu. "Mama, kukanyaga makaa ya moto, kama mnavyofanya nyinyi Watamil, si dini. Ni mambo ya mashambani."

Wachache walicheka. Barthélemy aliujua mshale ule. Kule kwao vitabu viliwaleta Watutsi kutoka kaskazini vivyo hivyo, warefu, pua nyembamba, waliozaliwa kutawala. Naye kama kasuku aliuchora ubaoni, wanafunzi wakanakili. Kisha ng'ambo ya mpaka watu waliambiwa warudi walikotoka, kwa mapanga, na maiti zikaelea ziwani.

"Monsieur," akasema kutoka mlangoni, "lugha inasafiri. Watu nao wanasafiri, hata mimi nimesafiri. Lakini wewe unajuaje rangi ya ngozi ya watu wa miaka elfu tatu na zaidi iliyopita? Ulikuwapo?"

Ukumbi mzima ukageukia mlangoni.

"Wewe ni nani?" Tiwari aliuliza.

"Mlinzi."

"Basi linda mlango."

"Ndiyo kazi ninayofanya. Iko takataka zimeshaingia."

Jumatatu msimamizi wake alimpa karatasi aandike barua ya kuomba radhi. Barthélemy aliirudisha nyeupe. Angeweza kumwomba radhi mtu aliyekosea akitafuta ukweli. Yule aliyejitengenezea mababu kama anavyojishonea suti, hakumwona mtu wa kuombwa radhi. Akahamishiwa Point, kulinda magari ya watu kwenye upepo wa bandari.

Mama Moonsamy alimfuata huko. "Jumapili tuna darasa la vijana hekaluni, Cato Manor. Njoo uwaeleze yaliyotokea kwenu."

Alikwenda. Jambo la kwanza alilowaambia ni kwamba yeye mwenyewe, kwa mshahara wa serikali, alikuwa amefundisha upuuzi.