Panya Walioingia kwa Baukje

Mahindi ya ng'ombe yakishakatwa na mashamba ya Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, kubaki tupu, panya nao hutafuta pa kujisitiri na baridi. Baukje alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mwaka ule waliingia kwa ujeuri. Asubuhi moja alivuta droo ya vijiko akakuta vinyesi vidogo vyeusi vimetapakaa, na kitambaa cha kukaushia vyombo kimetafunwa pembe.

"Mzee, tuna wageni," alimwambia mumewe.

Eelke alikuwa mezani, ameinamia kikombe cha kahawa isiyo na sukari. Ng'ombe wake aliwauza zamani, na tangu alipoanguka bustanini kiangazi kile, sukari ikiwa imepanda mno, mkewe alikuwa akimpimia kila tonge.

"Wageni gani?"

"Wenye mikia."

"Hao niachie mimi. Kule bandani nina kopo la sumu tangu enzi za ng'ombe. Nitawamaliza, wewe kazi yako itakuwa kuzoa mizoga."

"Sumu haiingii humu. Panya akila hafi palepale, anatoka nje anayumbayumba, bundi wetu wa ghalani anamla, naye anakwenda na maji. Na Bonke je? Mbwa anayekula mpaka soksi? Tutatafuta wanapopita, tuzibe, tutege mitego. Tutavuta makabati yote."

Eelke akaweka kikombe chini. "Yote? Lile la chumba cha nyuma ni zito, Baukje. Litanivunja mgongo."

"Nitamwita jirani atusaidie."

"Jirani ana kazi zake, maskini."

Baukje alimtazama. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia Eelke akimwonea jirani huruma. Hata hivyo alichukua kikapu, akapanda gari kwenda mjini Dokkum kununua mitego na ndoo zenye vifuniko.

Aliporudi alimkuta Eelke ameketi chini mlangoni mwa banda, amempakata Bonke kama mtoto. Kopo lilikuwa pembeni, kifuniko wazi. Pua ya mbwa ilikuwa ya buluu, rangi ya sumu ile.

"Niligeuka tu kutafuta miwani nisome maandishi," Eelke alisema. "Niligeuka tu."

Baukje alifungua mlango wa nyuma wa gari. "Mwingize kwenye gari. Na hilo kopo twende nalo, daktari atataka kujua amekula nini."

Daktari wa mifugo, mwanamama mrefu aitwaye Hiske, alisoma kopo, akamdunga Bonke sindano ya kumtapisha, kisha akawapa vidonge vya vitamini vya kuzuia damu isivuje ndani. "Msikatishe dozi hata mkimwona anarukaruka," alisema. "Sumu hii huanza kazi kimyakimya. Mngengoja hadi damu imtoke, tungekuwa tunaongea mengine. Na hili kopo halirudi nanyi nyumbani. Nitalipeleka wanakopokea taka za sumu."

Nyumbani Eelke aliketi kando ya jiko la kuni, mkono wake juu ya mgongo wa mbwa, hakutaka hata kuvua koti.

Baukje alichukua tochi akaanza kufuata vinyesi. Vilitoka jikoni, vikaambaa na ukuta wa ukumbi, vikaingia chumba cha nyuma, vikapotelea chini ya kabati la mwaloni. Alilisukuma kwa bega, akitarajia liwe kama jabali. Likateleza kama droo. Chini ya miguu ya kabati palikuwa pamebandikwa vipande vipya vya kitambaa kizito.

Nyuma ya kabati palikuwa na boksi la viatu. Ndani ya boksi, mkate wa sukari ulionukia mdalasini, umetafunwa ukawa na mapango, na keki ya tangawizi ambayo nusu yake ilikuwa imegeuka makombo. Panya walikuwa wameshatengeneza na kiota, kwa karatasi ya mwoka mikate.

Baukje akaketi sakafuni. Hasira ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni hofu, kwa maana alimwona tena Eelke amelala kati ya kabichi, uso umempauka kama majivu.

Alilibeba boksi mpaka jikoni akaliweka mezani mbele yake.

"Nilihofia hao panya watanisemea," Eelke alisema.

"Wamekusemea. Kumbe ndiyo maana ukang'ang'ania sumu, nisivute kabati."

"Nilikuwa nakula kipande kimoja tu, ukienda kwaya."

"Gizani, nyuma ya kabati, kama mwizi? Eelke, unataka kufa?"

"Nataka kuishi. Lakini unanipimia chakula kama ndama anayeharisha. Najua ni kwa wema. Nyumba hii ilikuwa inanukia mkate kila Jumapili, na sasa hainukii kitu. Mimi nilioa mke, Baukje, sikuoa muuguzi."

Neno hilo lilimchoma. Alivuta kiti, akakaa karibu naye hadi magoti yao yakagusana.

"Nilipokukuta bustanini nilidhani nimeshabaki peke yangu. Mpaka leo naamka usiku nikusikilize kama unapumua. Nawe unakoroma kama trekta, na mimi nashukuru."

Eelke alimshika mkono. "Hukuniambia."

"Nilikuwa nakupimia uji. Hivyo ndivyo nilivyokuambia."

Kesho yake walifungua madirisha yote, wakavaa glavu. Eelke alishika ufagio, Baukje akampokonya. "Usifagie vinyesi vikavu, vumbi lake ni maradhi. Vilowanishe kwanza." Alinyunyiza maji yenye dawa ya kuua vijidudu, wakangoja, kisha wakafuta kwa karatasi na kuzitupa katika mfuko uliofungwa vizuri.

Halafu Eelke akazunguka kuta na penseli. "Penseli ikipita, panya anapita," alisema, na kila ilipopita waliziba kwa waya laini wa kusugulia sufuria, kisha lipu juu yake. Nyuma ya televisheni penseli iliingia ikapotea kabisa.

"Fundi gani alitoboa pango hili?" Baukje aliuliza.

"Alikuwa na haraka. Kulikuwa na mpira siku hiyo."

"Jina lake?"

"Nimelisahau."

Unga na chakula cha mbwa viliingia kwenye ndoo zenye vifuniko. Mitego waliipaka siagi ya karanga kidogo, wakaitega kandokando ya kuta ndani ya visanduku vyenye tundu dogo, mahali pua ya Bonke isipofika. Eelke alipomaliza mtego wa mwisho alishindwa kuinuka. Baukje akamvuta, akateleza, wakaanguka pamoja kwenye zulia. Bonke alikuja kuwalamba masikio, nao wakacheka mpaka ikawabidi wapumzike hapohapo.

Siku za mwanzo mitego ilinasa, kisha ikatulia. Kuta zikawa kimya. Bonke alimaliza vidonge vyake, akarudia soksi.

Baukje alimpeleka mumewe kwa muuguzi wa zahanati, safari hii yeye akanyamaza na Eelke akaongea. Muuguzi aliwaambia kipande chembamba cha mkate wa sukari baada ya chakula kinawezekana, mradi wapime sukari na wasidanganyane.

Jumapili iliyofuata nyumba ilinukia mdalasini tangu ngazini. Baukje alikata kipande, akakiweka kwenye sahani nzuri ya maua, akageuka kwenda kuosha vyombo.

"Viache," Eelke alisema. "Kaa hapa mpaka nimalize."

Akakaa. Eelke alikula polepole, kama mtu asiye na wa kumkimbia.