Ski Hazigawanywi Kama Mbuzi

Hasira yangu ikilala usiku mmoja, asubuhi huamka ikitafuta mtu. Safari hii haikwenda mbali. Ilimkuta Mzee Kiunga, mwenyekiti wa kanisa letu hapa Timau.

Mwaka huo wa 1996 Padri Anton alitutembelea kutoka Austria. Alisema parokia yake itamwalika kijana mmoja akakae nao msimu wa theluji. Huko kwao kila mtu huteleza juu ya theluji kwa kujifurahisha tu, kwa hiyo ataenda yule atakayeweza kuteleza na kukata kona. Theluji yetu iko juu mlimani na hakuna aliyetaka kuifuata. Tulimwaga mabua ya ngano kwenye mteremko nyuma ya kanisa, yakateleza kama kamasi. Padri alikuwa amebeba jozi mbili za ski: mbao nyembamba, ncha imepinda juu, kiatu unakifunga katikati. Jozi moja ndefu, nyingine fupi.

Waliojitokeza ni wawili. Kajuju, mjukuu wangu, msichana mrefu mwenye mifupa ya kubeba gunia. Na Njura, mtoto wa mwenyekiti, kijana mzima ambaye suruali ya shule ya msingi bado inamtosha. Kajuju alikuwa amechuma maua kwenye shamba la watu mpaka vidole vikawa kama miiba, akingoja mlango wowote ufunguke. Mlango ndio huu.

Sasa Mzee Kiunga akagawa ski vile anavyogawa mbuzi. Kwetu mbuzi akichinjwa, kila mtu anajua kipande chake: hiki cha wazee, hiki cha wanawake, hakuna kubishana. Basi ndefu akampa mwanawe, kifungua mimba wa mwenyekiti. Fupi akamwachia Kajuju, msichana, yatima, aliyelelewa na mjane.

Kajuju alizisimamisha zake chini. Zilimfika kwapani.

"Nyanya, padri alisema ski ya anayejifunza ifike kidevuni, ikizidi sana puani. Hizi ni za mtoto. Nikishika mwendo zitayumba, nianguke."

Za Njura zilimpita kichwa kwa shubiri.

Nilimwendea mwenyekiti kwake.

"Mzee Kiunga, badilisha."

"Mama Kinoti, nyama ikishakatwa hairudi kwa mbuzi."

"Hii utaitafuna na nini?"

"Heshima ni heshima. Nimpe mwanangu fupi, watu watasema nini?"

"Watasema ni mfupi. Kwani hawamwoni?"

Akanifungia mlango. Mimi! Niliyembeba mgongoni akiugua surua!

Jumamosi, siku ya kujaribiwa, watu walijaa. Nilifika na gambuti za marehemu mume wangu, kubwa hata kuku angeweza kuatamia ndani. Nikaziweka mbele ya mwenyekiti.

"Mwenyekiti, hakuna viatu vikubwa kuliko hivi Timau nzima. Na wewe ndiye mkubwa wetu. Vua hivyo vidogo, vinatuaibisha, uvae heshima yako."

Wanawake wakaanza kucheka, kisha kila mtu.

"Mama Kinoti, unanitukana!"

"Ninakugawia."

"Hizi zitaniangusha!"

"Na za mwanao je? Au yeye akianguka ataanguka kwa heshima?"

Padri akauliza kuna nini. Katekista Runji akamtafsiria. Padri akamtazama Njura juu mteremkoni, akajigusa kidevu, akatikisa kichwa.

Mwenyekiti akakunja mikono. "Nimeshagawa."

"Baba," Njura akapaza sauti kutoka juu, "miguu ni yangu."

Akazivua, akampelekea Kajuju mwenyewe. Padri akatoa bisibisi, akavirekebisha vishikio vya viatu.

Njura alitangulia na zile fupi. Kona ya kwanza aliikata vizuri kabisa, ya pili akaikalia. Kajuju akaanguka kabla hata ya kuanza, akainuka na mabua kichwani. Kisha akashuka. Kushoto, kulia, kushoto, akasimama karibu sana na padri hata padri akarudi nyuma. Padri akapiga makofi, akalitaja jina la Kajuju.

Jumapili Mzee Kiunga akasimama mbele ya waumini.

"Kama mlivyoona, tumemchagua Kajuju. Mimi mwenyewe ndiye niliyeamua apewe zile ndefu."

Kanisa likapiga makofi. Mimi nikainuka, mdomo umeshafunguka. Kajuju akanivuta sketi.

"Nyanya, keti. Si ninaenda?"

Nikaketi. Lakini makofi, hapana, sikumpigia.