Ngazi Ingesogea

Nyii. Kamba za kitanda zililia gizani, alfajiri bado, nami nikaganda. Binti yangu Koku alikuwa amelalia mkono wangu baada ya siku mbili za homa, na nilitaka kuuchomoa bila kumwamsha. Nikawa napima kichwani. Ningevuta kiwiko, kichwa chake kingedondoka. Ningegeukia ukutani, kamba zingelia tena. Nimejaribu njia tatu nne, na bado sijasogea hata kidogo.

Hapo ndipo nilipomwelewa Mwalimu Leodegar.

Jana yake, kwenye darasa letu la jioni katika karakana ya ushirika wa maseremala huko Keko, aliandika ubaoni "msogeo wa kudhania". Darasa zima likacheka. Mfaume, fundi makabati, akasema huo ni msogeo wa walevi. Mie nilicheka kwa hofu. Kesho yake tungeulizwa swali moja, na atakayelijibu angepewa nafasi moja tu iliyopatikana ya kusomea ufundi mitambo. Wengine warudi kwenye kazi zao. Yangu ilikuwa kupiga msasa miguu ya viti, mwaka wa tatu sasa, nakohoa vumbi.

Jioni ya siku ya swali nikaenda na Koku, homa imeshamwacha, maana baba yake alikuwa zamu bandarini. Tukakuta ngazi ya futi kumi imeegemezwa ukutani. Kitako kiko futi sita kutoka ukutani, kichwa futi nane juu. Miisho yote miwili imefungwa vigurudumu, kwa hiyo kinachoizuia isiteleze ni kamba moja tu, kutoka kwenye kitako hadi chini ya ukuta.

"Ngazi hii ina kilo kumi na sita," akasema mwalimu. "Kamba inavutwa kwa kilo ngapi? Habari za ukuta na sakafu sitaki kuzisikia."

Mfaume akasimama, kifua mbele. "Kitako kitasogea futi mbili, kifike nane. Kichwa kitashuka mpaka sita. Katikati, penye uzito, patashuka futi moja. Kumi na sita mara moja, gawa kwa mbili. Kilo nane!"

Wakampigia makofi. Akanigeukia: "Mama Koku, wahi msasa wako, vumbi limekumiss."

"Kaka Mfaume," nikasema, "umesema kitasogea. Ukishaisogeza futi mbili, si ngazi hii tena. Imelala zaidi. Umejibu swali la ngazi nyingine."

"Ala! Sasa isogee vipi bila kusogea?"

"Ingesogea."

Kicheko kikapasuka. Mwalimu peke yake hakucheka. Akaninyooshea chaki.

"Haikusogea, haisogei, wala haitasogea," nikasema. "Ingesogea tu, kiasi cha unywele, saa ikiwa imesimama. Tena si kokote. Ingefuata pale inaporuhusiwa na ukuta na sakafu, na urefu wake ungebaki uleule. Kwa sita na nane hizi, kitako kingetoka nywele nne, kichwa kingeshuka nywele tatu. Katikati, penye uzito, nywele moja na nusu."

"Na ukuta?" akauliza mwalimu.

"Unasukuma ubavuni, na kichwa kingeteremka. Sakafu inasukuma juu, na kitako kingekwenda pembeni. Wote wawili ni watazamaji, hawafanyi kazi yoyote. Wanaoshindana ni uzito na kamba, na kazi zao lazima zilingane. Kumi na sita mara moja na nusu, ishirini na nne. Gawa kwa nne." Nikaionyesha kamba. "Kilo sita."

Mwalimu akaiegemeza ngazi begani, akafungua kamba, akaunganisha mizani ya ndoano katikati yake. Akavuta mpaka kitako kikarudi palepale penye futi sita.

"Rudini nyuma. Naiachia."

Watu wakarudi nyuma wakisukumana. Koku akaziba masikio kwa mikono miwili. Mshale wa mizani ukacheza, ukapanda, ukashuka, ukatulia.

Sita.

Mfaume akausogelea, akausoma, akainama akausoma tena. "Kumbe na mizani imesoma darasa la jioni!" Kisha akanipa mkono, akaushika kwa nguvu. "Hongera, dada. Kweli mie nilijibu ngazi ya jirani."

Mwalimu akaliandika jina langu ubaoni kwa herufi kubwa. "Ndugu Auleria, Jumatatu saa moja asubuhi, chumba cha mitambo. Na hiyo 'ingesogea' yako nitaifundishia mwakani."

Nikapiga kigelegele kimoja, sikujali nani anasikia, na darasa zima likanipokea.

Koku akatoa mikono masikioni, akaitazama ngazi kutoka chini mpaka juu.

"Ngazi haijaanguka," akasema.