Injini ya Mwana kwenye Gari la Baba

Mlango wa chumba cha mjane ulifunguka robo tu, basi. Ukisukuma zaidi unagonga gari la baba mkwe, gari la zamani lenye taa za mviringo, lililopandishwa juu ya mawe uani tangu msiba ulipokwisha. Kutoka, ilibidi apite ubavu, tumbo kalivuta ndani. Kuingia, vivyo hivyo. Jamani, mtu mzima na heshima zake anatoka chumbani mwake kama mwizi wa kuku!

Lakini kilichomfunga hasa ni ahadi. Mbele ya ukoo mzima, macho bado mekundu, baba mkwe alisema: "Injini ya mwanangu ni nzima. Nitaitia kwenye gari langu. Siku itakapowaka, mkwe, nitakupeleka kwenu mimi mwenyewe, kwa gari hilo. Kabla ya hapo usiniache." Nani angemkatalia mzee aliyetoka kuzika? Akajibu, "Sawa, baba." Na mdomo ulimponza, maana mzee yule alikuwa hasahau neno.

Gari la marehemu lilikuwa la kisasa. Lori lililigonga kwa nyuma likajikunja kama karatasi, ila mbele hakukuguswa kitu. Kazi ya kuhamisha injini akapewa Fundi Spana, rafiki wa mzee tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Akaing'oa injini kuukuu kwa winchi ya mnyororo, akakata huku, akachomelea vishikio kule, akaishusha ile mpya, kisha akaunga nyaya zake kwenye swichi ya ufunguo ya gari la mzee.

"Injini ni injini," alisema, anafuta mikono. "Kwani inajua imekaa kwenye gari la nani?"

Kumbe ilijua.

Kila asubuhi ikawa mchezo uleule. Stata inazunguka, injini inashika, inanguruma kidogo, puu, kimya. Leo Fundi Spana analaumu mafuta, kesho pampu, keshokutwa plagi. Mjane anasikiliza akiwa amekaa kitandani. Injini ikishika, moyo unamruka. Ikizima, anainuka kwenda kuosha vyombo.

Alikuwa mshonaji, tena mshonaji hasa. Dada yake alimpigia simu: "Cherehani yako bado ipo hapa kazini, nimeikalia kama kuku na mayai. Lakini tajiri kachoka. Mwisho wa mwezi anampa mtu mwingine. Unakuja huji?"

"Nakuja. Gari bado."

"Gari! Kwani huko hakuna mabasi?"

Angemweleza nini? Kwamba mzee akimwona na sanduku atatetemeka midomo, na yeye ataurudisha mguu ndani? Alichukia huruma yake mwenyewe.

Hatimaye wifi yake, aliyechoka na kelele za stata, akaleta fundi umeme wa magari, mwanamke mwenye kikompyuta chake mkobani. Fundi umeme akachomeka waya, akatazama, akacheka kidogo.

"Injini haina ugonjwa. Inajizima yenyewe, inadhani imeibwa. Ufunguo wake uko wapi? Ndani yake kuna chipu, injini isipoiona haikubali."

"Ulipotea kwenye ajali," alisema baba mkwe.

Mjane, aliyekuwa anaanika nguo hatua chache kutoka pale, alihisi kifua kinaungua. Ufunguo ulikuwa hapohapo kifuani, kwenye kamba, chini ya gauni. Alikabidhiwa hospitali pamoja na saa. Saa akachukua shemeji, mashati wakagawana ndugu, kitanda kikaenda kwa shangazi. Ufunguo haukuulizwa na mtu. Plastiki yake ilikuwa imelika upande mmoja, pale mumewe alipozoea kuweka dole gumba, naye akiliweka lake hapo ilimtosha.

Alikuwa anasubiri nini? Aseme tu, kesho yuko kwa dada. Hakusema. Akabana nguo kwa kibanio, akabana na mdomo.

"Bila ufunguo huo na swichi yake, mzee, hili ni pambo la uani," alisema fundi umeme.

"Swichi tunayo," alidakia Fundi Spana, uso umemshuka kwa aibu. "Niliitupa kwenye kapu langu la vyuma chakavu."

Baba mkwe akakaa juu ya tairi. "Basi. Liacheni hapo hapo." Kisha akageuka, kwa upole kabisa, upole unaokera kuliko tusi. "Na wewe, mkwe, usihangaike tena na habari za safari. Tutazeeka wote hapa."

Loo! Mjane alitazama mlango wake wa robo, akajiona ndani yake miaka na miaka, anapita ubavu. Hasira ikampanda hadi masikioni. Akaidondosha nguo, akaivua kamba shingoni, akauchomoa ufunguo.

"Huu hapa."

Fundi Spana akakimbilia kapu lake. Fundi umeme akaifunga ile swichi bila maswali. Ufunguo ukaingia, ukazungushwa, injini ikashika. Ikaendelea. Baba mkwe aliweka kiganja juu ya boneti, akalia waziwazi.

"Ulikuwa nao siku zote," alisema.

"Ndiyo, baba. Nilikuwa sijaweza kuuachia."

Mzee akajifuta, macho yakamng'aa kwa tumaini baya. "Basi unaona? Gari hili haliwaki bila wewe."

"Haliwaki bila ufunguo, baba. Nakuachia." Akaelekeza kidole mlangoni pake. "Lisogeze, nitoe sanduku."

Mzee akaondoa kiganja kwenye boneti. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa sitaki liwake, mwanangu. Niliogopa utaondoka." Fundi Spana akaliinua gari kwa jeki, akayatoa mawe. Mzee akaingia, akatia gia, gari likajivuta mbele polepole mpaka langoni.

Mlango ukafunguka wote. Mjane akatoka kifua mbele, sanduku mkononi, akapanda kando ya baba mkwe. Njia nzima waliisikiliza injini. Dole gumba lake lilikuwa linaisugua kamba tupu.