Wageni Wawili wa Baba

Nimeota, usiku wa kuamkia leo, kwamba kichwa cha baba kina baraza, na mimi nimetumwa kuwaona wageni waliokaa pale.

Baba yangu ni fundi Mhina, mshonaji, wa hapa Muheza. Tangu mama afariki hashoni. Ukimuuliza atakula nini, anajibu sijui. Leo siku gani, sijui. Kaka Semboja ameshaamua kwamba mzee kasahau kila kitu; hata hospitali tulisema ni uzee, tukarudishwa nyumbani. Leo anakuja kuchukua cherehani akaiuze. Roho inaniuma.

Barazani nakuta wanawake wawili wamegawana doti ya kanga ya mama, ile nyekundu yenye michoro ya korosho.

"Mimi Sonona," anasema wa kwanza, uso chini.

"Na mimi," anasema mwenzake, "jina nilikuwa nalo sasa hivi."

"Yupi anakaa kwa baba?"

Cherehani inatoka ukumbini kwa miguu yake minne, inakohoa. "Muulize aliyeingia ndani."

"Ni mimi," anasema Sonona. "Niliingia na msiba, nikabaki. Huyu bado yuko kizingitini. Mnatuchanganya kwa sababu ya kanga."

"Mbona umemwachia mlango wazi?"

"Nguvu za kuufunga sina. Kila siku nasema kesho. Nikikaa sana, na yeye ataingia, maana huwa namtandikia."

"Kwani wewe nani?" ananiuliza yule wa pili. Namwambia. Anashukuru, anauliza tena.

Mara tuko kwa daktari, mlango ni uleule. Daktari ni mkasi wa baba.

"Mkisema uzee, namrudisha nyumbani," unasema. "Semeni huzuni. Haya, funga mlango."

Nausukuma kwa bega. Yule wa pili anabaki nje, pindo la kanga yake linabanwa, linachanika.

Nikaamka. Baba alikuwa kwenye kiti chake, anatazama ukuta kama kawaida. Nikamwamkia, akautazama mkono wangu.

"Una nini hapo?"

Nikakunjua vidole. Kipande chekundu, chenye korosho nusu.

"Hiyo ya mama yako," akasema. "Nilimpindia mwenyewe, Ijumaa, kesho yake tunakwenda harusini kwa Semboja. Nani kaichana?"

"Sijui, baba."

"Lete uzi mwekundu."

Nje Semboja alikuwa anapiga honi. Nikatoka machozi yananitoka, nikamwambia azime gari. Cherehani haiuzwi. Baba akimaliza kushona tunampeleka hospitali, na safari hii tutasema huzuni.