Mkate wa Bahgat

Kuku wangu walipoanza kuharisha nilisema ni jicho la husuda. Jicho la nani? La Wafdiya jirani yangu, nani mwingine! Mwanamke yule akichungulia juu ya ukuta, hata maziwa hukatika. Nikawafukizia ubani, nikatundika ushanga wa buluu mlangoni mwa banda. Wapi! Kinyesi kikawa maji ya kahawia yenye povu, maranda yakalowa, na kila asubuhi namkuta mmoja amekufa.

Nililia, sioni haya kusema. Wenzangu wana wajukuu. Mimi, tangu mume wangu Baba Bahgat aende kaburini na mwanetu Bahgat ahamie Kuwait na mkewe na watoto, nina kuku. Ndio ninaowaamkia, ndio ninaowagombeza. Wakiisha wao, nitafungua kinywa kumwambia nani?

Wafdiya alisikia kilio akaingia bila hodi.

"Mama Bahgat, mficha maradhi kifo humuumbua. Ita daktari!"

"Kwanza ondoa hilo jicho lako hapa."

"Jicho langu lina mtoto wa jicho, hata kuku wenyewe siwaoni. Nitamhusudu nani?"

Akaenda mwenyewe kumleta Inshirah, binti aliye daktari wa mifugo. Inshirah akampasua kuku aliyekufa asubuhi ile. Utumbo ulikuwa umevimba, umejaa hewa, ngozi yake nyembamba kama karatasi iliyolowa. Ndani ya firigisi mlikuwa na makombo ya kijani.

"Mama, hawa unawalisha nini?"

"Chakula cha heri. Mkate."

Nikamwonyesha kapu kando ya tanuri, limejaa mikate yetu ya jua, ile ninayoiumua juu ya paa na kuioka kila Alhamisi. Akachimbua hadi chini. Ya chini ilikuwa imeota kuvu.

"Unawapa hii?"

"Ulitaka niitupe? Neema ya Mungu niitupe jaani?" Nikaokota kipande, nikakibusu, nikakigusisha kwenye paji la uso kama alivyonizoesha mama. "Wewe binti, usinifundishe kukufuru!"

"Sikufundishi kutupa, mama. Kuvu hii inawachubua matumbo, na haya maranda mabichi yanamalizia. Yatoe yote, weka makavu. Wape mahindi makavu, na maji safi yenye siki kidogo. Mtindi ukiwa nao, wape pia. Na mkate oka wa kuwatosha tu, usibaki." Akafuta kisu chake. "Kwani hapa nyumbani mko wangapi?"

Wafdiya akatazama chini. Yeye alijua.

"Niko mimi," nikasema.

"Basi mikate yote hii ya nini?"

Ya nini! Uliza ya nani. Kwetu donge la unga halikai kwenye sahani yake ya udongo bila kutajiwa mlaji: huu wa baba, huu wa Bahgat, huu wa mkewe, hii ya watoto. Na Bahgat akinipigia simu kila Ijumaa, neno lake la kwanza ni hilo: "Mama, umeniwekea mkate wangu?" Nami hujibu, "Nimekuwekea." Wallahi sijapata kumdanganya. Umo kapuni, nautazama kila nipitapo.

Alhamisi iliyofuata nikakanda unga kidogo. Mikono ilikataa, ilitaka kuongeza, nikaikaripia. Nikapanda paani na sahani moja. Sikutaja jina la mtu.

Ijumaa simu ikalia.

"Mama, umeniwekea mkate wangu?"

"Hapana, mwanangu. Safari hii sikukuwekea."

Nikangoja. Nilitaka aulize kwa nini. Nilitaka akasirike, aseme mama umenisahau, aseme nakuja.

"Aa, haidhuru, mama," akacheka. "Huku mikate tele." Kisha akanieleza habari za gari lake, linavyomsumbua gia, hadi akaniaga.

Nikaenda bandani. Maranda yalikuwa makavu. Vinyesi vimeshikana vizuri, na weupe juu yake, kama alivyosema Inshirah kuwa vitakuwa wakipona. Wote walikuwa wamesimama. Jogoo akanijia miguuni, akanyoosha shingo kutazama mikono yangu.

"Hamna," nikamwambia. "Nimeoka wangu tu, na nimeumaliza."