Limi Mkubwa

Kabla sijazaa mtoto yeyote nilikuwa mama wa bunduki kwa miaka mitatu, na nataka ieleweke kwamba hakuna aliyeniomba ruhusa.

Mume wangu, Pantaleo, alirudi kutoka kazini Mwadui mwaka 1971 na vitu vitatu: godoro, redio iliyokoroma tu bila kushika stesheni, na bunduki. Ilikuwa gobori la kushindilia baruti mdomoni, la kufukuzia nguruwe mwitu shambani. Kibali alikwenda kukitafuta Kahama siku nne, mtu ambaye kunitengenezea mlango wa jiko kulimshinda mwaka mzima. Siku ya kwanza aliipaka mafuta ya ng'ombe mpaka mtutu ukang'aa, akaiinua juani na kusema, "Huyu ataitwa Limi."

Limi kwa Kisukuma ni jua. Limi pia ni jina la bibi yangu aliyenilea kule Shinyanga, na mwaka tuliooana nilimwambia Pantaleo, tukiwa wawili tu, kwamba binti yetu wa kwanza ataitwa hivyo. Sasa tulikuwa tumekaa miaka mitano bila mtoto. Nilipomwuliza kwa nini amechukua jina la mwanangu, alijibu bila hata kugeuka, "Jina litakaa bure mpaka lini?"

Nikitaka kukasirika hata leo, huwa nakumbuka jibu hilo.

Wenzake nao walikuwa na wazimu huohuo. Ya Marselino iliitwa Serikali, ya Valerian iliitwa Usinisogelee. Walizisema kama binadamu. Serikali amekohoa. Limi ana mafua, leo hatoki. Ukisema "imekohoa" wanakurekebisha: "Siyo imekohoa, amekohoa." Mimi Msukuma, mume wangu Msumbwa, Kiswahili ndicho tulichokutania, na hata sisi tuliojifunzia ukubwani tulijua mtu anasemwaje na chuma kinasemwaje. Wao walijua pia. Walifanya makusudi.

Kijijini kwetu, karibu na Ushirombo, mtu akishapata mtoto haitwi tena jina lake. Pantaleo akawa Baba Limi. Mimi je? "Shikamoo, Mama Limi. Limi hajambo?" Mwanamke anayelilia mtoto anaulizwa hali ya bunduki, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nilikuwa naitikia, "Marahaba, hajambo," kwa sababu nililelewa kwa adabu.

Mwaka 1974 Mungu akanikumbuka, nikazaa msichana. Tulipokwenda kumwandikisha ubatizo, Stanslaus, katekista wetu, akauliza jina. Pantaleo akawahi: "Tumwite Mageni. Limi tayari tunaye." Alisema hivyo kanisani, mchana kweupe.

"Andika Justa Limi," nikamwambia Stanslaus. "Huyo mwingine hakubatizwa."

Stanslaus akaandika. Nilidhani nimeshinda. Kumbe wanaume wa kijiji walikaa kwenye pombe yao wakapata ufumbuzi: bunduki ikawa Limi Mkubwa, mwanangu akawa Limi Mdogo. Mtoto niliyemngoja miaka minane akawa mdogo wa gobori. Alipofika miaka mitatu, sista mmoja pale zahanati ya misheni alimwuliza jina lake. Akasema, "Limi Mdogo." Sista akamwuliza dada yake mkubwa yuko wapi. Mwanangu akasema, "Yuko ukutani. Anakula baruti."

Nilipomsimulia Pantaleo, alicheka hadi machozi yakamtoka. Kesho yake akawasimulia wenzake.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwaka 1977, mihogo imekomaa, na nguruwe wanashuka kutoka porini hata asubuhi. Nilimwacha Limi na mama mkwe wangu, Anisia, ambaye alisema atakwenda naye shamba la mihogo kule ukingoni mwa mbuga. Mimi na jirani yangu Bernadina tukajitwika mahindi, tukaenda kusaga Ushirombo, maili nne. Tulikuwa kwenye foleni ya mashine Marselino alipotufikia na baiskeli. Hakutania. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mama Limi," akasema, "Baba Limi amenituma. Rudi nyumbani. Limi amekufa."

Nilisikia mashine, kisha sikuisikia tena. "Amekufaje?"

"Kule kwenye mihogo. Nguruwe alitoka ghafla. Limi akapasuka hapa," akagusa kifua chake. "Tumembeba mpaka nyumbani."

Nilipiga yowe ambalo sijalipiga tena maishani. Na Marselino, mtu mzima mwenye watoto sita, alinishika bega akaniambia, "Pole sana, Mama Limi. Usilie hivyo. Baba Limi ataleta mwingine." Kisha akapanda baiskeli yake kwenda kumwarifu Valerian, maana, alisema, naye alimpenda mno.

Ataleta mwingine. Miaka minane nilimngoja huyu mmoja.

Nilikimbia. Mahindi yangu sijui yalikwenda wapi. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope ya kijito, cha pili nikakitupa mwenyewe. Bernadina alinifuata akilia, na kila nyumba tuliyopita wanawake waliuliza nani, akawajibu ni Limi, mtoto wa huyu Mektilda. Wakaweka mikono kichwani wakaungana nasi. Wengine walikuwa na unga mikononi, mmoja ananyonyesha huku anatembea. Tulipofika nyumbani tulikuwa zaidi ya ishirini, na kilio chetu kilitutangulia.

Uani wanaume watano walikuwa wamekaa kwenye vigoda, vichwa chini. Pantaleo alikuwa ameshika tama. Mbele yao mkeka, na juu ya mkeka kitu kirefu, chembamba, kimefunikwa kanga. Niliitambua ile kanga. Ndiyo niliyombebea Limi mgongoni tangu alipozaliwa. Nikapiga magoti, nikaifunua.

Gobori. Mtutu umepasuka kama ganda la njugu.

Nyuma yangu wanawake wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Hapo Limi akatokea nyuma ya nyumba na kipande cha muhogo mkononi, mzima, magoti yamejaa vumbi. Akasema, "Mama, Limi Mkubwa amekufa."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza. Nilimpapasa kichwa, kifua, miguu. Kisha nikasimama.

"Mama Limi," Pantaleo akaanza, na macho yake yalikuwa yanaruka kutoka kwangu kwenda kwa wale wanawake, "sikujua Marselino atakwambia vipi. Mimi nilimwambia tu Limi amekufa."

"Rudia."

"Limi amekufa."

"Nani amekufa?"

Akatazama mkeka. "Bunduki."

"Bunduki amekufa?"

Nikamwambia, "Baba Limi, nimekimbia maili nne nikimzika mwanangu kichwani. Nimeshamchagulia nguo. Marselino angesema 'imekufa' ningemaliza kusaga unga wangu. Silabi moja tu, Pantaleo, silabi ya mtu, nanyi mkakipa chuma. Sasa sema inavyosemwa, wanawake hawa wasikie."

Mmoja wa wale wanaume akaguna kwamba utani wa wanaume haufai kukuzwa hivyo. Bernadina akamwambia anyamaze, akanyamaza. Pantaleo alimgeukia mama yake, Anisia, aliyekuwa amesimama mlangoni na jembe. Nadhani alitegemea msaada.

"Mwenzio anangoja," Anisia akamwambia.

Pantaleo akanung'unika kitu, kidevu kifuani.

"Sauti, mwanangu," Anisia akasema.

"Imekufa," Pantaleo akasema. "Bunduki imekufa."

Hakuna aliyecheka. Limi alinivuta nguo. Alikuwa ametafuna muhogo wake kimya muda wote ule, akifikiri. Akaniuliza, "Mama, sasa mimi ndiye Limi Mkubwa?"

Nilimwambia yeye ni Limi. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo, hakuna mwingine. Akaomba nirudie, nikarudia.

Kisha niliitoa ile kanga juu ya mkeka. Ilikuwa inanuka baruti. Nikampa baba yake pamoja na kipande cha sabuni, na wale wanawake ishirini wakampisha njia ya kwenda kisimani.